Picha ya Bi Koleo

Miaka thelathini na moja Bi Koleo alibana matiti ya watu, na jina hilo alipewa na waliobanwa. Alikuwa mpiga eksirei wa kliniki ya matiti, mkavu, mwenye mikono baridi kama bomba la asubuhi. "Tulia, bibie! Unalia nini, kwani nimekuoa?" Anakanyaga pedali, bamba linashuka, titi linakuwa bahasha.

Aliwapenda vikongwe. Titi la msichana, alieleza, limejaa nyama, na kwenye picha hutoka jeupe pepepe. Uvimbe nao ni mweupe; hapo utaubaini vipi? La bibi nyama imekwisha, yamebaki mafuta, na mafuta hutoka meusi. Uvimbe ukiwemo unang'aa kama jino la dhahabu. "Saratani kwenu haina pa kujificha," aliwaambia. Wengine walicheka. Wengine walikuwa nayo.

Yeye mwenyewe, miaka sitini na minne, hajawahi kupimwa. "Nani anibane? Hawa watoto hata mlango kufunga hawajui."

Ikaja mashine mpya, na fundi aliyeifunga akataka mtu wa kuijaribia. Wauguzi wote wakatazama sakafu. Bi Koleo akavua blauzi. "Fanya haraka, nina foleni." Picha za majaribio haziandikwi jina la mtu, na jioni hufutwa. Ndio utaratibu.

Mchana Dokta akaweka moja kwenye skrini kubwa, mbele ya wanafunzi wa eksirei.

"Jamani, hii ndiyo picha! Titi la ajuza, jeusi tii. Na hapa je?" Akagonga kioo. "Donge jeupe, kingo zimetoa miiba. Uvimbe wa maji ungekuwa mviringo, laini. Hii ni saratani, hata mlevi anaiona. Sijui fundi kaitoa wapi, mfano safi kabisa! Huyu bibi alikuwa wapi miaka yote?"

"Alikuwa anamkimbia Bi Koleo!" akadakia mwanafunzi mmoja. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Bi Koleo alikuwa mlangoni na mafaili. Akasoma pembeni ya picha, mahali pa jina: *Jaribio*, na saa ya asubuhi ile.

"Dokta, hiyo isifutwe."

"Ya majaribio hiyo, mama. Si ya mgonjwa wetu."

"Ni yangu."

Kicheko kikakatika. Dokta akaanza, "Mama, samahani, mimi sikuju..."

"Umesoma vizuri, samahani ya nini? Si unataka picha ya karibu, ya hapo kwenye miiba?" Dokta akaitikia kwa kichwa. Bi Koleo akamgeukia yule mwanafunzi aliyedakia. "Wewe mchekeshaji, twende unipige."

Kwenye chumba cha mashine kijana akashusha bamba taratibu, macho yamemlowa, akalisimamisha kabla halijagusa sawasawa.

"Bana, mjinga wewe! Ukinionea huruma donge litasogea, na picha itatoka takataka."

Akabana. Bi Koleo akapiga yowe ambalo foleni nzima nje ililisikia, na wanawake wawili wakachukua mikoba yao wakaenda zao.