Vyumba Vilikuwa Wazi

Ukungu bado umeziba bonde la Malindi, wilayani Lushoto, wakati Jenoveva Singano anapoondoa bati kwenye mdomo wa tanuri lake la matofali. Anaingiza mkono, anautoa haraka, anaridhika na joto. Amejifunga khanga juu ya sweta. Anaanza kupanga mikate ndani.

Wanawake wawili wanapita njiani na ndoo za maji. Hawamsalimii. Naye hainui kichwa.

"Nimezoea," anasema. "Mwanzoni nilikuwa nasalimia mimi. Nikaona nawasumbua."

Mpaka mwaka jana, asubuhi kama hii ingemkuta jikoni kwenye nyumba moja ya wageni iliyo nje ya mji wa Lushoto. Alipika pale kwa miaka kumi na minne. Mmiliki ni mama wa Kizungu ambaye wafanyakazi wote walimwita Madam.

Jenoveva, mwenye umri wa miaka 46, anasema wafanyakazi Waafrika walikuwa na vikombe vyao vya bati vilivyotundikwa nje, ukutani. Hawakuruhusiwa kunywea vya ndani. Hawakuruhusiwa kupita mlango wa mbele, wala kuzungumza Kishambaa mbele ya wageni.

"Mbwa wake alikula kwenye sahani za ndani," anasema. "Sisi tuliziosha tu. Mtu akikosea anaitwa nyani, na anaitika, kwa sababu nyumbani kuna watoto."

Yeye pia alinyamaza. Mumewe, Tobia, pamoja na wakulima wenzake wa Malindi, waliiuzia nyumba hiyo kabichi na karoti. Mdogo wake, Modesta, alikuwa mtandika vitanda palepale.

Kilichomfanya afungue mdomo kilitokea Jumamosi moja ya mvua, mwezi Aprili. Gari liliingia uani, akashuka Mwalimu Thomas Mbilu, mstaafu aliyemfundisha Jenoveva kusoma na kuandika, akiwa na mkewe, Cecilia. Walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Watoto wao walioko Dodoma walikuwa wamewawekea nafasi kwa simu, ili wale chakula kizuri na walale hapo usiku mmoja.

Mmiliki alipowaona aliwaambia kuna makosa yamefanyika, nyumba imejaa. Gari lililowaleta lilikuwa limeshaondoka. Wakabaki wamesimama barazani, Mwalimu akipiga simu kutafuta usafiri.

Kabla hawajapata, walifika Wazungu wawili waliokuwa wamepotea njia. Hawakuwa na nafasi yoyote waliyoweka. Walikaribishwa ndani, wakaletewa chai, wakaulizwa wanapenda chumba kinachoangalia bonde au bustani.

Jenoveva aliyaona yote hayo kupitia dirisha la jikoni. Alifuta mikono, akaingia sebuleni, akatokea kwa mlango wa mbele. Kwanza alimwamkia mwalimu wake shikamoo. Kisha akamgeukia mmiliki.

"Nilimwambia, 'Madam, vyumba vinne viko wazi, mdogo wangu amevitandika leo asubuhi. Umewakataa hawa kwa sababu ni weusi. Na weusi ndio tunaokupikia.'"

Wageni waliokuwa wanakunywa chai waliweka vikombe chini. Mmiliki alimwamuru aondoke na asirudi tena.

Lakini si hilo lililomuumiza. Mwalimu Thomas alimsogelea na, kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, akamwomba arudi jikoni asizidi kumwaibisha.

"Kufukuzwa nilikutegemea," anasema Jenoveva, macho yake kwenye moto. "Ila mwalimu wangu aliona ile aibu ni ya kwake. Hilo sikulitegemea."

Ndani ya mwezi huo nyumba ile iliacha kununua mboga Malindi. Kabichi zilioza mashambani, na wenye mashamba walijua wa kumlaumu. Kwenye kwaya ya usharika, wanawake walianza kusogea mbali akikaa karibu nao.

Modesta alibaki kazini. Aliambiwa akionekana na dada yake, naye ataondoka. Mama yao alipougua, walimuuguza kwa zamu ili wasikutane. Alifariki Januari.

"Tulisimama pande mbili za kaburi," anasema Jenoveva. "Ana watoto watatu, simlaumu. Ila nililia peke yangu."

Alipopigiwa simu na mwandishi wa makala haya, mmiliki alisema nyumba yake inapokea watu wote, na mpishi huyo aliachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Hakutaka kusema zaidi kwa kuwa kuna shauri.

Shauri hilo, alilofungua Jenoveva kupinga kuachishwa kazi, litasikilizwa Tanga Alhamisi ijayo. Kabla ya hapo, wakili wa mmiliki alimwahidi Jenoveva kwamba atarudishwa kazini kimyakimya, iwapo angekubali kwamba hakuelewa kilichotokea siku ile. Tobia alimsihi akubali. Walikaa siku kadhaa bila kusemezana.

"Nilimjibu wakili wao kwamba nilielewa vizuri sana," anasema.

Kilichokosekana ni shahidi. Mwalimu Thomas alikataa; alisema hataki wajukuu wake wajue kwamba alifukuzwa barazani kama mwizi. Wiki iliyopita, Cecilia aliteremka mwenyewe hadi penye tanuri.

"Siku ile nilikaa na mkoba mapajani, nikamwacha mtoto wa watu aseme peke yake," anasema Cecilia. "Alhamisi nitasema mimi."

Jenoveva hatafuti tena kazi ile. Anachotaka ni kitu kimoja: itamkwe hadharani, mmiliki akiwa anasikia, kwamba walichofanyiwa wazee wale kilikuwa ubaguzi. Kama itatamkwa, hajui. Amekwisha kuwaambia wenye maduka anaowauzia kwamba Alhamisi hakutakuwa na mikate.

Na Mwalimu?

"Hajasema kama atakuja," anajibu Cecilia. "Jana tu, tukiwa tunakula, ameniuliza basi la Tanga linaondoka Lushoto saa ngapi."