Kiti cha Mfalme, Al Nahda

Kila nikipita soko la Al Ras, hapa Dubai, nikanusa ubani, narudi moja kwa moja kwenye chumba chetu cha Al Nahda, ghorofa ya saba, katika nyumba tuliyopanga pamoja na familia nyingine mbili. Baba, Mganda aliyelinda lango la ghala huko Ras Al Khor, alikuwa katika chama kidogo cha Wakatoliki walioshika desturi za zamani. Walisali kwa Kilatini na kuamini kwamba nchi yao, Uganda, haitatulia mpaka itawaliwe na mfalme aliyepakwa mafuta na Kanisa. Huku ugenini chama chenyewe kilikuwa watu watano, na ikulu yao ilikuwa chumba chetu. Kila Ijumaa mchana walifukiza ubani na kumwombea mfalme huyo wasiyemjua hata jina. Walimtengea kiti cha mbao chenye mto mwekundu alioushona Mama. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, na kiti tulikuwa nacho hicho kimoja tu.

Mimi sikuwa na haja na mfalme. Nilitaka kumwona Baba akikaa. Alishinda amesimama langoni kwa saa kumi na mbili, na akirudi aliketi sakafuni ameegemea kabati, miguu imevimba mpaka viatu vinatoka kwa kuvutwa. Ijumaa moja, wenzake walipoondoka, nilikiburuta kiti kile hadi alipokuwa. "Kaa, Baba." Akatikisa kichwa. Mama, Mkenya asiyemumunya maneno, akaja juu: "Baba Tereza, huyo mfalme wako hajaomba hata viza! Kaa, khalas, yaishe!" Baba akacheka, kisha akaniambia taratibu, "Nikikaa hapo, mwanangu, nitakuwa nimekubali kwamba haji." Kwa hasira nikakikalia mimi. Nilingoja kofi. Badala yake alijivuta kwa magoti, akanifunga kamba za viatu, akasema, "Basi kishikilie mpaka afike." Nililia, kwa sababu bado alikuwa sakafuni.

Baba alikwenda kwao likizo, akaugua, akazikwa huko mimi nikiwa kazini hapa. Wenzake wametawanyika. Siku hizi nina sebule yangu yenye makochi ya watu wanane, na nikikikumbuka chama kile nacheka. Nimemkumbuka Baba mno. Kiti kipo karibu na dirisha, mto wake umepauka. Juzi mgeni alitaka kukikalia, nikamwahi.

"Samahani, dada. Hicho kina mwenyewe."