Mursik Aliyokunywa Mwandishi
Tarehe 27 Desemba 2021, Chepkosgei, mhudumu wa nyumba ya wageni karibu na Kiptere, alimpeleka kwao mwandishi Mochama, aliyekuwa likizoni. Majirani wawili wamelithibitisha hilo. Mama yake Chepkosgei alimmiminia mursik, maziwa ya kibuyu aliyomtengea mkwe. Mochama alikunywa, akaahidi kurudi na wazee wake kuposa.

Hakurudi. Ilikuja riwaya yake, ambamo mhudumu kwenye mashamba ya chai humpenda mgeni kwa likizo tu, kisha humuaga akicheka.

“Mama, ameandika nilijua ataenda.”

“Na mursik yangu?”

“Ati inauzwa kwa watalii.”

“Ai! Mimi nilimuuzia lini?”

Haijulikani kama Mochama, alipokuwa akinywa, alikuwa ameshaanza kuiandika riwaya hiyo.