Nyama ya Odin Juu ya Mswala

Mwanzoni nilidhani ni takataka za jirani. Nilipofungua mlango wa balkoni nikakuta bakuli langu la kukandia unga limejaa nyama ya nguruwe mbichi, imegeuka kijani pembeni, na funza wakitembea juu yake bila haraka. Kando yake kulikuwa na kikombe cha pombe ya asali iliyoota utando.

Ilikuwa Agosti 2018, huku ughaibuni, mtaa wa Sharpstown, ghorofa ya pili. Binamu yangu, niliyeishi naye, alikuwa ameanza kuabudu miungu ya kale ya Skandinavia, akifundishwa na rafiki yake wa kazini kwenye ghala la mizigo. Alimchagua Odin, mkubwa wao. Mimi ni Mkristo, na imani yake sikuigusa. Nilichoshindwa kuvumilia ni ule uvundo.

"Hiyo nyama itoe," nilimwambia.

"Siwezi ku-touch, dada. Ni sadaka. Ukishampa mungu, humnyang'anyi."

"Mungu gani anakula funza?"

"Wewe kanisani unakula mkate kama kadibodi. Nimewahi kukuuliza?"

Alasiri ile ikanyesha mvua. Bakuli likafurika, maji yake yakapenya kwenye mbao hadi balkoni ya chini, alikoishi mama mmoja wa Tanga. Ndiye aliyemlea binti yangu nikiwa zamu hospitalini. Sikuwa na mwingine wa kumwachia mtoto. Bila yeye kazi ingenishinda.

Alipanda kwetu ameshika mfuko wa plastiki kwa ncha za vidole. Ndani mlikuwa na mswala wake, aliokuwa ameuanika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, huku juu mnachinja nini?"

Nikamweleza yote.

"Nguruwe na pombe," alisema polepole. "Kwenye mswala wangu." Akauacha mfuko mlangoni, akashuka bila kusema kama kesho nimpeleke mtoto.

Nikamlazimisha binamu ampigie simu rafiki yake, spika wazi, nikamhoji mwenyewe: mnaweka nini, wapi, kwa muda gani? Yule kijana alishangaa. Kwao nyama hupikwa na kuliwa na waliohudhuria, mungu hutengewa fungu dogo, pombe humwagwa kwenye shina la mti. Hakuna anayeacha kitu kioze ndani ya nyumba za watu.

Ile sheria ya kutogusa sadaka, binamu alikuwa ameitoa kwenye mila za kwetu. Bibi yetu aliweka chakula cha mizimu porini na hakuna aliyethubutu kukirudia. Lakini porini siafu hukimaliza kabla ya jua kuwa kali.

"Nilidhani ni kitu kimoja," binamu alisema. Alisafisha balkoni huku akitapika. Bakuli nililitupa.

Asubuhi nikashuka na binti yangu na mswala mpya. Mama alipokea mswala, hakuufungua.

"Mtoto hana kosa," alisema. "Kaka yako asikanyage hapa."

Kisha akamwongoza binti yangu moja kwa moja bafuni, akamsugua mikono, miguu, hata nyuma ya masikio, ndipo akamruhusu kukanyaga zulia. Nilikuwa nimeshamwogesha. Tangu siku ile alifanya hivyo kila asubuhi. Binti yangu aliona ni mchezo. Akifika tu anavua viatu na kunyoosha mguu. Mimi nilisubiri nje ya mlango na sare yangu ya kazi, nikinusa mikono ya shati.