Pete ndani ya mkate wa Nora

Jamani, leo shangazi yangu nusura avunjike jino, halafu akapata mchumba!

Tulialikwa mtaani kwake Hässelby, kwa jirani yake Nora, mama wa Kiayalandi. Leo ni Halloween, na kwao hiyo ni sikukuu ya zamani ya kumaliza mavuno. Huoka mkate wa zabibu.

Shangazi akauma. Kra!

"Nani katia chuma humu?"

Akatoa pete mdomoni.

Nora akapiga makofi, akasema kwa Kiswidi: "Kwetu anayeipata huolewa kabla ya mwaka kwisha!"



Sote tukamgeukia Mzee Deo wa kwaya ya kanisani kwetu, naye kaalikwa. Amefiwa na mke, na kila Jumapili humrudisha shangazi nyumbani kwa gari bila kusema neno.

Mzee akaweka kikombe chini, akamtazama shangazi.

"Mama Espérance, mkate umenitangulia kusema."

Shangazi alicheka mpaka machozi. Tangu afiwe na mumewe sijamsikia akicheka hivyo!

Nilipochukua koti, akaninong'oneza: "Wewe rudi kwako Farsta, mwanangu. Sisi bado tunakunywa chai."

Haya, kitenge cha harusi nishone rangi gani?