Santuri Zisizofunguliwa

Kwa miaka minne nilikusanya santuri bila kuwa na mashine ya kuzipigia. Nasema hivi mwanzoni kabisa ili msomaji acheke sasa, amalize, kisha tuendelee. Mke wangu alicheka miaka yote minne na mpaka leo hajachoka. Wageni wakija alikuwa akiwaonyesha kabati letu na kuwaambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye Kifaransa ndani yake, "Hapa ndani iko muziki mingi sana, mais hakuna mutu alishausikia."

Si kwamba nilikuwa mjinga. Santuri nilizozitafuta mimi ni zile za matoleo machache: nakala mia tatu, nakala mia tano, kila moja na nambari yake nyuma ya jalada, na zikiisha zimekwisha. Wenye mchezo huu wana desturi yao. Santuri ambayo bado imo ndani ya nailoni yake ya kiwandani ni mali. Ukiichana hiyo nailoni, hata kama sindano haijaigusa, bei inaporomoka palepale. Kwa hiyo watu kama sisi tunanunua muziki ili tusiusikilize. Unaipanga wima, mbali na jua na mbali na unyevu wa Durban unaootesha ukungu mpaka kwenye viatu, unafunga kabati, unasubiri.

Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni mzee mmoja mwenye meza ya santuri kwenye soko la Jumapili. Ni mzaliwa wa hapa, Mwislamu, wa wale ambao mababu zao walitoka Afrika Mashariki wakaanzia maisha kwenye mtaa wa Bluff, na Kiswahili chake amekiokota upya kwa Watanzania wa msikitini kwake. Siku ya kwanza nilisimama mezani pake kwa sababu niliona jalada lenye wanamuziki wa kwetu Kongo, wamevaa suruali pana, nikaguna kama mtu aliyekutana na binamu yake kwenye foleni ya vibali. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Bukavu.

"Eish, bhuti," akasema, akiniita kaka kwa Kizulu, "watu wako ndio wananilisha mimi. Wateja wangu wa ng'ambo wanalilia hii rumba. Nunua mbili. Moja usikilize, moja ulale nayo."

Pesa yangu ilitosha moja tu, nami nikalala nayo.

Nafanya kazi kwenye ghala huko Mobeni, upande wa kufungasha mizigo, na wakati wa chai wenzangu walikuwa hawaniachi. Nyimbo zote za dunia ziko ndani ya simu, walisema, nani atanunua sahani ya plastiki miaka kumi ijayo? Nilikuwa na majibu yangu. Niliwaambia kwamba kitu kilicho bure hakina mwenyewe, na kwamba binadamu anapenda kushika kitu mkononi. Niliyasema kwa sauti kubwa maana moyoni sikuwa na uhakika. Wanunuzi niliowaona sokoni walikuwa wanaume wenye mvi. Wakishaondoka duniani, watoto wao watayabeba makabati yale mpaka jalalani. Tena kuna janja ya makampuni yenyewe: wanakuapia kwamba nakala ni mia tatu basi, halafu mwaka wa tatu wanatoa toleo la pili lenye rangi nyekundu, na yako inabaki kuwa sahani kama sahani nyingine.

Sasa niseme habari ya ile moja.

Mwaka juzi yule mzee alinitumia picha kwenye simu. Lilikuwa jalada jipya lenye picha ya zamani: vijana watano mbele ya baa huko Bukavu, na wa pili kutoka kushoto alikuwa kaka yangu mkubwa. Kaka yangu aliimba katika bendi ndogo ambayo haikuvuma popote. Waliingia studio mara moja tu maishani mwao, wakarekodi nyimbo nne. Homa ilimchukua kwa siku nne akiwa na miaka ishirini na miwili, mimi nikiwa na miaka tisa. Kaseti tuliyokuwa nayo ilibaki ndani ya nyumba tulipokimbia vita. Na sasa kampuni fulani ya mbali ilikuwa imezifukua nyimbo zile, imezitoa kwa nakala mia tatu, na haikuziweka mahali popote kwenye mtandao, maana ndiyo biashara yenyewe. Ukitaka kuzisikia, nunua.

Nilinunua. Ilikuja nambari arobaini na moja, katika nailoni yake, ikimeremeta. Sikuifungua.

Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha. Sababu ya kwanza ni kwamba baada ya mwaka mmoja bei yake ilikuwa imepanda maradufu, na kwa mara ya kwanza ningeweza kumthibitishia mke wangu kwamba mimi si mwendawazimu. Sababu ya pili nilijiambia kwamba ni Mama. Mama anaishi nasi, amevuka miaka themanini, na huyo alikuwa kifungua mimba wake. Nikasema, amelia vya kutosha, nisimtoneshe kidonda. Sababu hii ya pili ilikuwa shuka tu la kuifunika ile ya kwanza. Nikaiweka santuri juu ya kabati, ndani ya bahasha ya kazini, na mke wangu peke yake ndiye aliyejua.

Kisha, mwaka huu, yule mzee akanipigia simu. Amesikia fununu kwamba kampuni inaandaa toleo la pili. "Uza sasa hivi, bhuti. Nina mtu wa eight thousand rand, lakini sealed, nailoni isiguswe. Wakitoa ingine, hata one thousand hupati." Tukakubaliana atakuja kuichukua Jumamosi saa tano asubuhi.

Ijumaa nilitoka kazini mapema. Nikaweka mezani katoni mbili ngumu, utepe na makasi, nikaanza kuifungasha kama nifungashavyo vitu vya watu kila siku. Kazi ile naijua, niliifanya huku napiga mluzi. Mama akatoka chumbani kwake kutafuta chai. Hakunisalimu. Alisimama, akainyanyua santuri kutoka mezani kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso wake jinsi wazee wanavyotazama vitu.

"Hii shemizi," akasema, "ni mimi nilipigaka pasi. Kola ilikuwa inakataa kulala."

Akakipapasa kichwa cha kaka juu ya nailoni kwa kidole gumba, akairudia kola, akarudi kwenye kichwa. Kisha akaigeuza na kuigonga kwa ukucha.

"Ndani iko sauti yake?"

Nami, mtoto wake wa kumzaa, mtu mzima mwenye mvi, nikamjibu, "Hapana, Mama. Ni picha tu."

Mke wangu alikuwa mlangoni, ndio kwanza amerudi kutoka saluni yake. Alisikia yote. Jioni ile hakunigombeza, hakunitania, alinipakulia chakula vizuri na kuniuliza kama chumvi inatosha. Mwanamke yule ninamfahamu kwa miaka ishirini na tatu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Asubuhi ya Jumamosi alitoka mapema. Kabla ya saa tatu alirudi amebeba kitu kama sanduku dogo la safari, la rangi ya buluu, akalitua mezani juu ya makaratasi yangu. Ilikuwa mashine ya santuri. Alikuwa ameiazima kwa mteja wake mmoja wa saluni, binti anayefuata mambo ya kisasa.

"Miaka mbili umefunga shemeji yangu ndani ya nailoni," akasema. "Leo anatoka. Unamufungua wewe, ama namufungua mimi na wembe."

Nikamwambia mzee yuko njiani. Nikamwambia eight thousand. Nikamwambia habari ya toleo la pili, na kwamba nakala zenyewe ni mia tatu tu duniani.

"Na Mama yako," akaniuliza, "yeye iko nakala ngapi?"

Nilikasirika, kusema kweli, kwa sababu alikuwa ananiambia jambo nililolijua tangu jana na sikutaka kulisikia kwa mtu mwingine. Nikaenda kumwita Mama. Nikamkalisha kwenye kiti chake, nikapiga magoti mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu harusi yangu.

"Mama, jana nilikudanganya. Iko sauti."

"Najua," akasema. "Toka uko mutoto, ukidanganyaka unaangaliaka viatu. Nilikuwa nangojea tu."

Nikaichana nailoni. Ilitoa mlio mdogo, na ningependa kusema kwamba sikuifikiria pesa, lakini niliifikiria. Kisha nikaitoa santuri kwenye jalada, nyeusi, nzito, sijawahi kushika hata moja ikiwa uchi namna ile. Lebo yake ya katikati haikuwa na maandishi, ilikuwa na picha ya ziwa tu. Mashine ilikuwa na kijiti cha mwendo chenye nambari mbili, thelathini na tatu kwa mwendo wa pole, arobaini na tano kwa mwendo wa kasi. Yule mzee aliwahi kunifundisha: santuri kubwa huenda pole, ndogo huenda kasi. Hii ilikuwa kubwa. Nikasukuma kijiti kwenye thelathini na tatu na kushusha sindano.

Gitaa liliingia chini chini, bila haraka. Halafu akaimba.

Sikumtambua. Kichwani mwangu kaka yangu alikuwa na sauti nyepesi, ya juu, iliyokuwa ikitutangulia kufika nyumbani. Huyu aliyekuwa anaimba alikuwa na kifua kipana, sauti nzito, anavuta kila neno kama mtu aliyeona mengi na hana tena wa kumkimbilia. Ilikuwa sauti ya baba yetu, hasa. Nikafikiri, basi, nilikuwa na miaka tisa, mtoto anakumbuka nini? Nikamtazama Mama.

Alikuwa anatabasamu. Nilijiandaa kwa kilio, hata kitambaa nilikuwa nacho mfukoni, na yeye anatabasamu huku anatikisa kichwa taratibu.

"Musikie," akasema. "Sauti yake imekuwa ya baba yake. Amekuwa muzee."

Mke wangu akanitazama. Hatukumsahihisha. Wimbo ulipoisha akasema turudie, tukarudia. Mara ya tatu alianza kuitikia, si kwa kuimba, kwa kuitikia tu jinsi mama anavyoitikia mtoto wake akimweleza habari za safari: "Mm. Eeh. Vraiment, kweli." Niliona aibu ya miaka miwili yote imenipanda usoni, na juu ya aibu ile furaha kubwa, na vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Saa tano mlango ukagongwa. Yule mzee aliingia na salamu zake na mfuko wake laini wa kubebea santuri, akaiona nailoni sakafuni, akashika kichwa. "Eish, bhuti. Umeua. Umeua kabisa." Lakini masikio yake ni ya kazi. Aliinamisha kichwa, akakunja uso, akaokota jalada, akasoma maandishi madogo ya nyuma ambayo mimi, mkusanyaji wa miaka minne, sikuwahi kujisumbua kuyasoma.

"Hii ni forty-five," akasema. "Kubwa, lakini ya mwendo wa kasi. Hizi limited, za nakala chache, wanafanya hivyo, sauti inatoka safi zaidi. Wewe umemfanya huyu mtoto atembee na mkongojo!" Akanyoosha mkono, akasukuma kijiti.

Wimbo ukaruka juu. Gitaa likaanza kucheka, na sauti ikawa nyepesi, ya juu, ya haraka. Ndiye! Ndiye kabisa, yule aliyekuwa akinibeba mabegani mpaka kisimani. Kumbukumbu yangu haikunidanganya hata kidogo. Machozi yakanitoka mbele ya mgeni, na katikati ya machozi nikaanza kumweleza Mama kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba pale mwanzo mashine ilikuwa inamvuta, na hii sasa ndiyo sauti yake ya kweli.

Mama alikuwa ameacha kuitikia. Mikono yake imelala mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti, kwa makini, na uso wake ukawa ule ninaoukumbuka toka mwaka ule wa msiba.

"Naijua," akasema. "Huyu ni ule mwenye nilizika. Munirudishie ule mwenye alizeeka."

Yule mzee alinitazama, akamtazama Mama. Kisha akakirudisha kijiti kwenye thelathini na tatu kwa mkono wake mwenyewe, akavuta kiti na kukaa. Sauti ile nzito ikashuka tena chumbani, na Mama akaanza kuitikia.