Jogoo Wawili wa Mlangoni

Nilirudi Ndalambo na stashahada yangu ya ujenzi, nikajenga nyumba ambayo hata wenye haraka husimama kuitazama. Fundi alipoleta geti la milango miwili, ndege wa chuma wa pande zote mbili walikuwa wanatazama upande mmoja, wa Zambia. "Bosi, si wamefanana?" akauliza. Nikacheka. Maneno hayo niliyasikia utotoni.

Mwaka ule, baada ya mavuno, wageni walikuwa wanakuja kumposa shangazi. Bibi alisiriba ukuta upya, akachora jogoo wa udongo mwekundu kushoto mwa mlango. Upande wa kulia alituachia mimi na binamu. Binamu akanakili kila kitu, mdomo hadi mkia.

"Bibi, huyu ni yuleyule!" akajisifu.

"Ndiyo ubaya wake. Wangu anautazama mlango, wako anaupa mkia. Wageni watasema hatuwataki."

Hakutukaripia. Alikuwa anamenya majani ya maboga ya chakula cha mchana. Akachukua moja, akapaka tone la udongo nusu ya jani, akalikunja kwenye mshipa wa katikati, akabonyeza. Alipolifungua, tone lilikuwa na mwenzake upande wa pili. "Kilicho karibu na mshipa huku, na kule kinakuwa karibu nao," akasema. "Mshipa wetu ni mlango."

Tangu hapo tuliuona mshipa huo kila mahali: kwenye kipepeo, kwenye uso wa mbuzi, hata kwenye pua ya binamu. Niliyeelewa kwanza ni mimi, na hilo binamu mwenyewe halikani. Hapohapo nikamfuta jogoo wake kwa kitambaa chenye maji, nikaanza upya kutokea mlangoni, mdomo kwanza. Vumbi la wageni lilishaonekana barabarani.

"Fanya haraka, mwanangu," shangazi akanong'ona dirishani. "Nisije nikakosa mume kwa ajili ya kuku!"

Mshenga alisimama mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia. Udongo wangu ulikuwa bado mbichi. "Hapa tumengojewa," akasema. Shangazi akaolewa.

Nyumba ile ya bibi haipo tena, wala simjui anayekumbuka udongo ule ulichimbwa wapi. Kila mwaka mvua iliwafuta jogoo, bibi akamrudisha wa kushoto, mimi wa kulia. Mwaka niliokwenda chuoni, nilikuja likizo nikamkuta wa kushoto peke yake, anatazama mlango. Upande wa pili bibi alikuwa ameusiriba vizuri, akauacha mtupu.